Tai chi: nguvu ya ndani na hisia zina kazi gani?

Hiyo "nguvu ya ndani" inayotajwa kwenye tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, ni kitu gani hasa?

Wachina huiita chi: nguvu ya uhai inayosemekana kuzunguka mwilini, na ghala lake kuu liko tumboni, kama vidole vitatu chini ya kitovu. Tuseme ukweli, hakuna kipimo cha hospitali kinachoionyesha. Hata hivyo, wanaofanya mazoezi husikia viganja vikipata joto na vidole vikichonyota kwa mbali, na hawajidanganyi. Mwili ukilegea na pumzi ikitulia, mishipa midogo ya damu hutanuka na damu hufika viganjani kwa wingi. Isitoshe, ukikielekezea kiganja mawazo yako yote, utaanza kusikia mambo ambayo siku zote yanakupita. Mimi naichukua chi kama lugha ya mwalimu ya kumwongoza mwanafunzi. Ikikusaidia kusogea vizuri, itumie. Si lazima uiamini.

Inaongozaje mwili?

Kwa nia. Yang Chengfu, mmoja wa walimu wakubwa wa karne ya 20, alisisitiza kutumia nia badala ya mabavu. Jaribu hivi: simama, miguu ikiachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Inua mikono mbele hadi usawa wa mabega kama unayenyanyua mzigo. Mabega yatapanda na huenda ukajikuta umebana pumzi. Ishushe, kisha uiinue tena taratibu huku ukiwaza kwamba maji ndiyo yanayobeba viwiko na vifundo vya mikono. Safari hii mabega yanabaki chini, shingo imelegea. Mkono umefika palepale, ila misuli isiyohusika imeachwa ipumzike.

Na hisia zinaingilia wapi?

Zinaingilia kwenye misuli na pumzi. Mwenye hasira hukaza taya na kupumulia juu juu kifuani. Mwenye hofu magoti humkakamaa. Mwenye huzuni kifua humwingia ndani. Kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, Huangdi Neijing, kinasema hasira huipandisha chi, hofu huishusha, na mawazo mengi huifunga fundo. Sayansi ya leo haielezi hivyo, lakini aliyewahi kukasirika hadi kichwa kikapata moto anajua wazee wale walikuwa wanazungumzia nini.

Kwenye tai chi mambo haya hayafichiki. Uzito unatakiwa uhame polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mwenye hasira huutupa wote kwa mkupuo, mguu unatua kwa kishindo, na akibaki na mguu mmoja anayumba. Mwalimu mzoefu huliona hilo kabla hujafungua mdomo.

Njia hiyo kati ya hisia na mwili ina kwenda na kurudi. Ukitoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, neva iitwayo vagasi hupunguza kasi ya moyo, na hisia nazo huanza kushuka. Kwa hiyo usijiamrishe kutulia, haisaidii. Toa pumzi, shusha mabega, endelea na hatua inayofuata.

Kuna ushahidi wa kitabibu?

Upo, hasa kuhusu kutoanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la New England Journal of Medicine ulihusisha wagonjwa 195 wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kuyumba) waliofanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Waliofanya tai chi walikuwa imara zaidi katika kusimama kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo au ya kujenga misuli, na walianguka mara chache kuliko wale wa kunyoosha viungo. Kilichopimwa hapo ni uthabiti wa mwili, si chi, na anayekuuzia tai chi kama dawa ya kila ugonjwa mwepuke.

Nililia katikati ya mazoezi. Nina tatizo?

Hutokea, mwili uliojikaza muda mrefu unapolegea. Kaa, pumua, endelea ukitaka. Asikutishe mtu kwamba chi yako imeziba. Lakini kama unalia kila siku, hulali, au unawaza kujidhuru, mwone daktari au mshauri nasaha mara moja.

Nina presha na goti bovu. Niache?

Usiache, ila muulize daktari kwanza, na dawa zako uendelee nazo. Simama wima zaidi, usichuchumae sana, na goti lisipite ncha ya kidole gumba. Likiuma, fanya ukiwa umekaa kwenye kiti.