Kichwa kikubwa cha chaja hakiunguzi simu ndogo
Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya ukutani huitwa chaja, kichwa cha chaja au adapta, na wapo wanaouita waya peke yake chaja. Wingi huo wa majina si kosa. Lakini jina la chaja limelea dhana ya muda mrefu kwamba kifaa hicho ndicho kinachoisukumia betri umeme, na kwamba chenye ampea nyingi (kipimo cha kiasi cha umeme unaopita) kitaunguza simu ndogo.

Kazi yake hasa ni kupokea umeme wa volti 100 hadi 240 unaogeuka mwelekeo mara kwa mara na kuufanya umeme wa mwelekeo mmoja, kwa kawaida wa volti 5. Saketi inayochaji betri imo ndani ya simu yenyewe, nayo ndiyo inayoamua kiasi cha kuvuta na wakati wa kuacha. Ampea zilizoandikwa kwenye adapta ni kikomo tu. Simu inayohitaji ampea 1 huvuta 1 hata kama kikomo ni 3. Adapta nyingi za kuchaji kwa kasi hupandisha volti hadi 9 au zaidi baada ya kuwasiliana na simu kwanza.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni volti, hasa kwenye adapta za ruta na spika zenye pini ya mviringo, kwa kuwa pini za umbo lilelile hutumika kwa volti 5, 9 na 12, wala hakuna mawasiliano yoyote kabla ya umeme kupita.