Mseto wa Vyanzo vya Umeme na Uimara wa Gridi ya Taifa

Umeme unaotumika Dodoma nyakati za jioni hutoka mbali: sehemu yake huzalishwa kwa maji ya mabwawa ya kusini, na sehemu nyingine kwa gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Mchanganyiko huo ni wa manufaa, lakini wingi wa vituo peke yake hauleti uhakika. Jambo la kuchunguza ni iwapo vituo hivyo vinaweza kupungukiwa kwa wakati mmoja na kwa sababu moja.

Bwawa la Mtera, lenye kituo cha megawati 80, hukusanya maji ya Ruaha Mkuu, na maji hayohayo huteremka hadi Kidatu kuzalisha megawati nyingine 204. Kihansi, yenye megawati 180, na Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, navyo vimo katika bonde hilohilo la Rufiji. Mvua zikiadimika bondeni humo, vituo vyote vinne hupungukiwa. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 ulitokana kwa kiasi kikubwa na ukame.

Hapo ndipo kanda ya kati inapokuwa na la kuchangia. Katika miezi ya kiangazi, wakati kina cha mabwawa kinaposhuka, anga la Dodoma huwa halina mawingu mengi na upepo wa Singida huvuma kwa nguvu. Umeme wa jua ukitumika mchana, maji ya Mtera yanaweza kuzuiliwa hadi jioni, matumizi ya majumbani yanapopanda na jua limekwishazama. Bwawa hugeuka kuwa ghala la umeme pasipo gharama ya betri, na kwa maoni yangu faida hii haitiliwi maanani inavyostahili.

Hata hivyo, umeme wa jua una kasoro yake. Gridi yetu huendeshwa kwa mizunguko 50 kwa sekunde, yaani kasi ambayo mkondo wa umeme hubadili mwelekeo kwenda na kurudi, na kasi hiyo haipaswi kuyumba. Mtambo mmoja tu wa Nyerere, wenye megawati 235, unazidi kituo kizima cha Kidatu. Ukizimika ghafla, mizunguko hushuka, na uzito wa mitambo mingine inayozunguka ndio unaochelewesha anguko hilo hadi nguvu ya akiba iingie. Paneli za jua hazina uzito huo. Kwa hiyo, kila umeme wa jua unapoongezwa, ni lazima ibaki mitambo ya maji au ya gesi inayozunguka chini ya uwezo wake kamili, au zifungwe betri zinazoitikia papo hapo.