Servo Inayolia Bila Kusukuma: Kubadilisha Gia Zilizolika

Servo ya gari au ndege ya rimoti, kile kiboksi chenye motaa na gia kinachogeuza mkono mdogo, ikilia bila kusukuma mkono huo, mara nyingi kuna jino la gia limeondoka. Ile inayotetemeka ikifika mahali pamoja tu, shuku kwanza potenshiometa, kile kifaa kinachoiambia servo imegeuka kiasi gani. Usikimbilie kununua gia. Zima umeme, zungusha mkono wa servo taratibu sana. Penye jino lililovunjika utahisi inaruka. Taratibu, nasema, maana gia ndogo za nailoni huvunjwa na vidole vyenye haraka.

Halafu piga hesabu ya pesa. Servo za gramu 9 kama SG90 sipendi kuzihangaikia: seti ya gia inaweza kukaribia bei ya servo nzima. Nunua nyingine, ya zamani itie kwenye kopo la spea. Servo kubwa ndizo zinazostahili kazi hii, na gia ziwe za modeli ileile. Kufanana kwa macho hakutoshi. Hata meno ya pale mkono unapokaa hutofautiana, kwa kawaida servo za kampuni ya Futaba zina meno 25, Hitec 24, JR 23.

Fungua skrubu ya mkono, kisha zile nne ndefu za chini. Inua kifuniko cha juu polepole, maana gia ya kati hupenda kuondoka nacho ikiwa imenatwa na grisi. Piga picha kabla hujagusa kitu. Toa gia zote, si ile iliyovunjika peke yake: chembe ya jino iliyobaki kwenye grisi inatosha kuharibu gia mpya. Mimi husafisha kwa mswaki na spiriti, kisha nakagua matundu ya mihimili kwenye boksi. Kama yamepanuka, jambo la kawaida servo ya gia za chuma ikiwa na boksi la plastiki, gia mpya hazitaondoa mchezo, yaani kule kulegea kwa mkono.

Kazi yenyewe iko kwenye gia ya mwisho, inayobeba mkono. Kwenye servo nyingi, chini yake kuna tundu linalovaa kijiti cha potenshiometa, na pembeni kuna kinundu cha kuizuia isizunguke kupita kiasi. Vikikosana, servo itatafuta katikati isiyofikika, itagonga kinundu na kung'ang'ana hadi motaa ichemke. Kwa hiyo kijiti hicho usikizungushe ovyo. Panga gia bila kulazimisha, paka grisi kidogo, rudisha kifuniko ukikishika kwa vidole, washa. Kwa ishara ya milisekunde 1.5, ile ya rimoti ikiwa katikati, servo inatakiwa isimame katikati. Ikisimama, kaza skrubu, ndipo uvalishe mkono.

Na gia za chuma je? Kwenye usukani wa gari linalogonga mawe, sawa, lakini angalia kwanza springi inayokinga servo. Ikikazwa mno, pigo lisilovunja gia linahamia kwenye motaa au boksi. Kwenye ndege ndogo mimi hubaki na nailoni. Ni nyepesi, na chuma kikilika huleta mchezo kidogo kidogo, mpaka usukani wa mkia uanze kupepesuka kwa kasi hewani.

Ndege iliyoanguka, hata servo zake zikiitika vizuri, nazikagua moja moja kwa mkono kabla ya kuirusha tena. Nikihisi mkwaruzo, nabadilisha seti nzima, kwa sababu gia mpya ikisagana na iliyolika nayo hulika upesi.