"Ngoja Kwanza Nione Kama Itapoa": Dhana Zinazoua Madai ya Matibabu Baada ya Ajali ya Gari

Watu wengi wanaoniletea madai ya ajali huanza na maneno yaleyale: "Siku ile sikuumia, kwa hiyo sikwenda hospitali." Wanayasema kama sifa. Mimi nayasikia kama shimo kwenye faili, na nimechoka kuyatafutia viraka.

Dhana: usiposikia maumivu papo hapo, hukuumia.

Gari likigongwa kwa nyuma, shingo hurushwa nyuma na mbele kabla hujajua kilichotokea. Wakati huo mwili umejaa adrenalini, homoni ya mshtuko inayofunika maumivu kwa muda, na misuli iliyovutika huvimba taratibu. Shingo kukakamaa, kichwa kuuma kuanzia kisogoni, ganzi kushuka mkononi: vyote hivi vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye, hata siku mbili tatu. Madaktari wanalijua hilo, na kampuni za bima zinalijua pia. Ila bima hailipi kwa kujua, inalipa kwa karatasi.

Mkaguzi wa madai akifungua faili anatazama tarehe mbili kwanza: ya ajali, na ya siku ulipoonwa na daktari mara ya kwanza. Zikiachana wiki tatu, barua yake inakuja na swali: katika wiki hizo ulikuwa unafanya nini? Ulihamisha makabati? Ulianguka bafuni? Yeye halazimiki kuthibitisha lolote kati ya hayo. Kuthibitisha kwamba maumivu yametokana na ajali ni kazi yako. Halafu tunafungua kadi ya hospitali na kukuta: "Maumivu ya shingo, hakumbuki yalianza lini." Neno ajali halimo kabisa, kwa sababu mgonjwa hakulitaja.

Nenda ukaonwe siku hiyohiyo au kesho yake, hata ukijiona mzima. Mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba umetoka kwenye ajali, ulikaa kiti gani, gari liligongwa upande upi. Taja kila panapouma. Ukiulizwa unaendeleaje, usijibu "nashukuru, vizuri tu" kwa adabu. Itaandikwa "anaendelea vizuri", na miezi sita baadaye utasomewa. Kila jioni andika kwenye daftari: leo nimeshindwa kugeuza shingo nikirudisha gari nyuma, nimeamka saa nane usiku kwa maumivu. Nalithamini daftari la namna hiyo kuliko picha zote za bampa lililobonyea.

Kuacha tiba katikati na kurudi baada ya miezi ni shimo lilelile. Kama uliacha kwa kukosa fedha au usafiri, omba iandikwe hivyo kwenye kadi.

Dhana: eksirei ilikuwa safi, basi sina dai.

Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi misuli iliyovutika. Mwaka 1995 jopo la wataalamu huko Quebec, Kanada, liliyapanga majeraha haya ya shingo kwa madaraja, na kuvunjika au kuteguka kwa pingili kuliwekwa daraja la mwisho, la 4. Katika daraja la 1 na la 2 hakuna mfupa uliovunjika, na mtu bado anaumwa; katika la 2 hata kugeuza shingo humwia vigumu.

Dhana: gharama za kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha pingili za shingo na mgongo kwa mikono, hazirudishwi.

Hurudishwa, mradi mtoa tiba anatambuliwa kisheria, tiba ilihitajika kwa sababu ya ajali, na bei si ya kupindukia. Anza kwa daktari akuandikie rufaa. Madai mengi ya aina hii huangushwa na mahudhurio: mara tatu kwa wiki, mwezi baada ya mwezi, maelezo yaleyale yamenakiliwa, hakuna kipimo kinachoonyesha shingo inageuka zaidi kuliko jana. Anayedhani kwamba kuhudhuria sana kunanenepesha fidia ajue kuwa bima huyakata yaliyozidi, na deni la kliniki linabaki kwake.

Dhana: nifiche kwamba mgongo uliniuma tangu zamani.

Sema! Katika nchi nyingi sheria humchukua majeruhi kama alivyokutwa, na aliyekugonga anawajibika kwa kiasi alichokuzidishia. Ukificha, rekodi zako za zamani zitaombwa, na ukweli wako wote utatiliwa shaka.

Dhana: nisaini nichukue hiki kidogo, nikizidiwa nitarudi.

Hutarudi. Hati ya makubaliano unayopewa na bima imeandikwa "malipo kamili na ya mwisho", na kwa kawaida inafunga hata maumivu yatakayojitokeza mwakani. Usisaini kabla daktari hajasema umepona, au umefika pale ambapo hutarajiwi kupona zaidi. Hapohapo usilale: muda wa kufungua kesi hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kwa kawaida hausimami kwa kuwa mnaendelea kujadiliana na bima. Muulize wakili tarehe hiyo kabla hujajibu barua yao ya kwanza.