"Mimi nani hata wanidukue?" na mengine ninayoyasikia kila wiki

"Fundi, mimi nani hata wanidukue?" Swali hili linaletwa na kila aina ya mteja: kijana anayelisema huku akicheka, mama ambaye ndugu zake wanampigia kumuuliza mbona anaomba hela mtandaoni, mfanyabiashara mwenye simu mbili na nywila moja. Wengine huongezea: sina pesa, sina cheo, sina siri. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo jibu langu lote naliweka hapa.

Anayesema hivyo anafikiri kuna mtu ameketi mahali na orodha ya majina, akampima, akaona hana faida, akampita. Hakuna kikao cha namna hiyo. Kazi hii inafanywa na programu. Inapewa faili lenye mamilioni ya anwani za barua pepe pamoja na nywila zake, kisha inazijaribu kwenye tovuti moja baada ya nyingine, usiku na mchana, bila kujua wewe ni waziri au mwanafunzi. Zinazokubali zinawekwa kando. Mvuvi wa juya hachagui samaki majini. Anavuta kwanza, kuchambua ni baadaye.

Mafaili hayo yanatoka kwenye kampuni zilizovamiwa, nyingine kubwa mno. Mwaka 2009 RockYou, kampuni ya programu za mitandao ya kijamii, ilipoteza nywila zaidi ya milioni 32, tena zilizokuwa zimehifadhiwa waziwazi kama zilivyoandikwa. Iliyoongoza kwa kutumiwa na watu wengi ilikuwa 123456. LinkedIn ilivamiwa mwaka 2012, na mwaka 2016 data za akaunti zipatazo milioni 117 zikaonekana zikiuzwa. Yahoo ilikiri mwaka 2017 kwamba uvamizi wa mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, yaani bilioni 3. Kama una barua pepe ya miaka mingi, chukulia kwamba nywila yako mojawapo ya zamani imo humo. Unaweza kuhakikisha bure kwenye tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013: unaandika anwani yako, inakutajia ilivuja wapi na lini. Nikimfanyia mteja zoezi hili mbele yangu, kicheko hukatika palepale.

Kampuni ikivamiwa, wewe huna la kufanya. La kwako ni pale ulipochukua nywila ileile ya tovuti ya mchezo uliyoisahau zamani ukaiweka kwenye barua pepe, kwenye mitandao ya kijamii na kwenye akaunti ya benki. Mwizi hakuvunja chochote. Alikuwa na ufunguo, akafungua. Mwaka 2016 akaunti za Mark Zuckerberg za Twitter na Pinterest zilivamiwa, na waliofanya hivyo walidai nywila waliitoa kwenye data za LinkedIn. Mwenye Facebook na wewe "usiye na chochote" mko kwenye faili moja.

Halafu kuna hili la "sina siri". Mwaka 2023 wavamizi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 za 23andMe, kampuni ya vipimo vya vinasaba, kwa kutumia nywila zilizovuja kwingine. Kwa kuwa kampuni hiyo ina huduma ya kukuunganisha na jamaa zako wa damu, kupitia akaunti hizo chache wakachota taarifa za watu takriban milioni 6.9. Wengi wa hao hawakukosea lolote. Jamaa yao ndiye aliyekosea, pengine naye alikuwa akisema hana siri.

Hata mwenye akaunti tupu kabisa ana kifaa. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikigonga kamera za ulinzi na ruta za majumbani, na silaha yake ilikuwa orodha fupi ya nywila za kiwandani, zile za aina ya admin na admin ambazo wamiliki hawakuwahi kuzibadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa hivyo vilitumiwa kuielemea kwa maombi mengi kwa pamoja Dyn, kampuni iliyokuwa ikisaidia vivinjari kupata anwani za tovuti, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi, hasa Marekani. Wenye kamera hawakujua lolote. Kamera ziliendelea kuonyesha geti kama kawaida.

Sasa niwaeleze kinachofanyika barua pepe ikishaingiliwa, maana watu hudhani mwizi anaanza kwa fujo. Anaanza kimya. Kwenye kisanduku cha kutafutia anaandika "benki", "nywila", "PIN", "pasipoti". Ile picha ya kitambulisho uliyojitumia ili ukaichape, anaikuta. Anaingia kwenye mipangilio, anaweka kanuni kwamba kila ujumbe wenye neno "usalama" au "benki" uende moja kwa moja kwenye takataka, na nakala iende kwenye anwani yake. Ndiyo maana hukuona onyo. Kisha anakwenda kwenye mtandao wako wa kijamii, anabonyeza "umesahau nywila?", na kiungo cha kuweka mpya kinamfikia yeye. Mwisho anafungua mazungumzo yako, anasoma unavyowasalimu watu wako. Ukiwa huanza na shikamoo, naye ataanza na shikamoo: "Shangazi shikamoo, nimekwama, nitumie hela kidogo nitakurudishia jioni. Usinipigie, simu haina chaji." Shangazi anatuma, kwa sababu huyo ni wewe kabisa.

Hiyo ndiyo mali uliyonayo: jina lako na watu wanaoliamini. Kumbe ulikuwa tajiri.

Dawa yake haihitaji elimu ya kompyuta. Barua pepe iwe na nywila yake peke yake, isiyotumika popote pengine duniani. Kama mtu ana nguvu ya kufanya jambo moja tu, ni hilo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na kama huduma inakuruhusu kutumia programu ya kutoa namba badala ya SMS, tumia programu, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli anayejifanya wewe. Na ukishapata tena akaunti iliyoibwa, usiishie kubadilisha nywila. Fungua mipangilio, angalia kanuni za kuchuja na kupeleka barua kwingine, angalia namba na anwani za kurejeshea akaunti, kisha toa vifaa vyote vilivyoingia. Wateja wangu wanaorudi mara ya pili wakilalamika kwamba "kazi haikushika" ni wale waliobadilisha nywila nyumbani, wakaiacha ile kanuni ya mwizi inaendelea kumpelekea nakala.

Hapo huwa napata jibu la haraka: "Lakini fundi, mimi nywila nabadilisha kila mwezi." Ndiyo, kutoka Maua2023 kwenda Maua2024. Ushauri huo ulienea kutokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr, ambao ulitaka pia herufi kubwa, namba na alama. Mwaka 2017 Burr mwenyewe aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwaka huohuo mwongozo mpya wa NIST ukaacha kudai watu wabadilishe nywila kwa kalenda. Badilisha pale kuna dalili kwamba imevuja. Zaidi ya hapo, urefu una faida kuliko vikorombwezo: maneno manne au matano yasiyohusiana yanaishinda P@55w0rd kwa mbali, maana programu za kubahatisha zinajua zamani kwamba watu huweka 0 badala ya o.

Kuhusu kuandika nywila kwenye daftari, wenzangu wengine watanuna, lakini mimi nasema andika. Programu ya kutunza nywila ni bora zaidi, na mwenye kuiweza aitumie. Asiyeiweza, daftari lililo kabatini nyumbani ni salama kuliko nywila moja iliyozungushwa kwenye akaunti ishirini. Yule anayejaribu mafaili mtandaoni hawezi kufungua kabati lako. Bandiko la karatasi kwenye skrini ya ofisini ni habari nyingine, hilo silitetei.

"Tovuti ina kufuli, kwa hiyo ni ya kweli." Hapana. Kufuli linamaanisha kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasomeki njiani. Halisemi uliye naye ni nani. Cheti cha HTTPS, ndicho kinacholeta hilo kufuli, kinatolewa bure na Let's Encrypt tangu mwishoni mwa mwaka 2015, na tapeli naye anajua kukichukua. Mwaka 2023 Chrome iliondoa alama ya kufuli kwenye upau wa anwani, mojawapo ya sababu ikiwa ni hii ya watu kuisoma vibaya. Soma jina la tovuti lenyewe, hasa maneno yanayotangulia alama ya mkwaju ya kwanza baada ya jina. Au usibonyeze kabisa kiungo ulichotumiwa; andika anwani mwenyewe.

Ndugu wa dhana hiyo ni "WhatsApp imefungwa, haidukuliki". Tangu Aprili 2016 ujumbe wake umefichwa kutoka simu hadi simu, ni kweli, na njiani hausomeki. Tapeli hapiti njiani. Anaandikisha namba yako kwenye simu yake, namba sita za uthibitisho zinakuja kwako kwa SMS, halafu "rafiki" anakuandikia kwamba zimekuja kwako kwa bahati mbaya, umtumie. Unamtumia. Kwenye meza yangu huyu anahesabiwa kuwa "amedukuliwa". Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, weka PIN ya uthibitisho wa hatua mbili, ili hata ukizitoa hizo sita kwa uzembe kibaki kikwazo kimoja.

Hali ya faragha ya kivinjari (incognito) nayo imebebeshwa mzigo usio wake. Inafuta historia kwenye kifaa chako, basi. Mtoa huduma wa intaneti anaona unakoelekea, na tovuti zinakuona. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa ajili ya jambo hili, na mwaka 2024 ikakubali kufuta data nyingi ilizokusanya watu wakiwa kwenye hali hiyo.

"Simu inanisikiliza, nimezungumzia viatu, tangazo la viatu limekuja." Hii napenda kuijadili kwa sababu ukweli wake ni mbaya zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walichunguza programu 17,260 za Android, matokeo yakatoka mwaka 2018: hawakukuta hata moja inayowasha kinasa sauti kwa siri na kupeleka mazungumzo, ila walikuta baadhi zikirekodi kinachoonekana kwenye skrini na kukituma kwa kampuni nyingine. Hawahitaji sikio lako. Wanajua ulipokwenda, ulichotafuta, uliyekaa naye kwenye Wi-Fi moja na alichotafuta yeye. Rafiki yako alitafuta viatu jana usiku, leo mmekaa pamoja, tangazo limekufuata. Ukitaka kulipunguza, usihangaike na gundi kwenye tundu la kinasa sauti. Pitia ruhusa za mahali ulipo, programu moja moja, ufute hiyo ya tochi inayotaka kujua unalala wapi.

Na wale wanaobandika tangazo la "siiruhusu Facebook kutumia picha zangu, nakili usishee": limekuwa likizunguka tangu mwaka 2012, Facebook ililikanusha tangu wakati huo, na kila baada ya muda linarudi likiwa na jina la sheria mpya na tarehe ya kesho. Masharti uliyakubali siku uliyofungua akaunti. Kubandika maandishi kwenye ukurasa wako hakuyabadilishi, hata ukiandika kwa herufi kubwa zote. Kinachobadilisha kitu ni mipangilio ya faragha: nani aone picha, nani akutafute kwa namba ya simu, programu zipi za nje uliziruhusu kuingia na akaunti yako. Hiyo orodha ya mwisho ifungue leo. Utakutana na chemsha bongo ya "wewe ni mnyama gani" uliyoijibu zamani ukasahau, na ruhusa uliyoipa huenda bado ipo.