Duka la Mtandaoni Linajua Ulichonunua, Halijui Unachopenda

Nimeambiwa tena barazani, safari hii na mwalimu ninayemheshimu, kwamba duka la vitabu la mtandaoni linamjua kuliko mkewe, kwa kuwa alinunua riwaya ya Abdulrazak Gurnah na papo hapo akaletewa vitabu vitatu ambavyo angevichagua mwenyewe. Kazi yangu ni kutengeneza mifumo hiyohiyo ya mapendekezo, na nimechoka kukanusha kwa mdomo.

Mfumo haumjui mwalimu. Njia ambayo Amazon ilianza kuitumia mwaka 1998, na wahandisi wake wakaieleza hadharani mwaka 2003, hailinganishi mtu na mtu bali kitabu na kitabu: hutazama vitabu gani hununuliwa na wateja walewale, huweka jedwali la ukaribu wa vitabu hivyo, na ukinunua kimoja hukuletea majirani zake. Siku hizi yameongezwa mengi juu yake, lakini chakula kikuu cha mifumo hii bado ni mibofyo na manunuzi.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaosikia hayo na kujibu: "Kumbe ni kuhesabu tu!" Si kuhesabu tu. Tuseme riwaya fulani imenunuliwa na watu 100, diwani fulani na watu 100, na walionunua vyote viwili ni 20. Kitabu cha mapishi kimenunuliwa na watu 10,000, wakiwemo 40 kati ya wale 100 wa riwaya. Kwa hesabu ya mtaani mapishi yameshinda. Lakini tukigawa idadi ya wanunuzi wa pamoja kwa kipeuo cha pili cha zao la kuzidisha idadi ya wanunuzi wa kitabu kimoja kwa ya kingine, diwani inapata 0.2 na mapishi 0.04, kwa sababu kitabu alichonacho kila mtu hakielezi lolote kuhusu mtu yeyote. Bila mgawanyo huo, mwaka 2021, Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi na wasiowahi kumsikia wakamkimbilia, riwaya zake zingeonekana kuwa jirani wa kila kitabu dukani. Nao mgawanyo una balaa lake: vitabu viwili vilivyonunuliwa na mtu mmoja tu, yuleyule, huonekana mapacha. Kwa hiyo huwekwa kiwango cha chini cha wanunuzi, na wengi wetu, tukisema kweli, hukipandisha na kukishusha hadi orodha itupendeze machoni.

Halafu, akaunti ni ya nani? Hapa Unguja, mwenye kadi ya benki inayokubaliwa ng'ambo mara nyingi hununulia nusu ya ukoo. Akaunti ya binamu yangu wa Mbweni ina kitabu cha fizikia cha mtoto wa dada yake, cha ushonaji cha shangazi, cha mirathi cha ami yake wa Wete, na riwaya moja ya upelelezi, ambayo ndiyo pekee aliyojinunulia mwenyewe. Mfumo umewakoroga wote ukapata msomaji mmoja ambaye hajazaliwa, na huyo ndiye anayepelekewa mapendekezo.

Vitabu vya Kiswahili vina hali mbaya zaidi. Diwani iliyouzwa kwa fedha taslimu sokoni Darajani haiachi alama kwenye seva yoyote. Kisicho na wanunuzi mtandaoni hakina majirani, hivyo hakipendekezwi, hivyo hakipati wanunuzi.

Mwalimu atauliza: mbona vitatu vile vilipatia? Ajiulize kwanza ni vingapi alivipita bila kuvikumbuka. Sisi wenyewe hupima kwa kuwagawa wateja makundi mawili, moja lionyeshwe mapendekezo na jengine lisionyeshwe, kisha tukajisifu kwa tofauti ya mauzo, ambamo kitabu kilichoachwa sura ya pili na kilichosomwa mara mbili vina thamani sawa. Hata kwenye vifaa vya kusomea vya kielektroniki, ambako kurasa zinahesabika, sijaona namna ya kuaminika ya kumtenganisha aliyesoma mbio kwa utamu na aliyekuwa akiruka kurasa kwa kuchoka.