Wito si wa mapadre na wachungaji peke yao

Mara nyingi tukisema fulani "ana wito", tunamaanisha kwamba anaelekea kwenye upadre, utawa au uchungaji. Waumini waliobaki wanaonekana kuwa wa kujaza viti na kutoa sadaka tu. Agano Jipya halisemi hivyo.

Tazama Matendo 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakazuka, wakachaguliwa watu saba wa kuwahudumia. Katika Kigiriki, neno diakonia, yaani huduma, linatumika kwa mgawo ule wa wajane (mstari wa 1), kisha neno lilo hilo linatumika kwa kazi ya mitume ya kulihubiri Neno (mstari wa 4). Na wale saba walitakiwa wawe wamejaa Roho na hekima, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ya mezani! Kwa hiyo binti anayemwogesha mama yake mgonjwa kila asubuhi, kwa upendo, hana haja ya kungoja wito mwingine ndipo aanze kumtumikia Mungu.

Paulo naye, anapowaandikia Wakorintho kuhusu kuitwa, anasema na waumini wote, watumwa wakiwemo.

Wala haya si mafundisho ya dhehebu moja. Martin Luther, kiongozi wa Matengenezo ya Kiprotestanti, aliyasisitiza mwaka 1520, na mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ukatenga sura nzima ya hati yake juu ya Kanisa kueleza kwamba Wakristo wote, wa kila hali ya maisha, wameitwa kwenye utakatifu.